Kisima cha Overdean

Kutoka mlangoni kwa Keziah Luddington hadi chemchemi iliyo chini ya kanisa ni mwendo wa nusu saa kwenda na kurudi, kama huna mzigo. Keziah alikuwa na mzigo siku zote. Alikuwa dobi wa parokia, mjane wa miaka arobaini na saba, na kwa miaka ishirini na mbili aliushuka mlima ule na ndoo tupu na kuupanda na ndoo zilizojaa, mzega mabegani, ndoo moja kushoto na nyingine kulia. Alijua njia inateleza wapi mvua ikinyesha, na jua la alasiri linamngoja mtu kwenye kona gani limchome kisogo. Aliujua mlima kama mke anavyomjua mume mkorofi aliyeishi naye miaka mingi: haumfurahishi, lakini haumshtui tena.

Chini bondeni, Netherdean, walikuwa na kanisa, kinu, kijito na wakulima wenye mali. Juu, Overdean, walikuwa na nyumba kumi na tisa zilizoezekwa kwa nyasi, upepo mwingi, na bwawa la kunyweshea kondoo. Mtu wa Overdean aliyetaka maji safi alishuka. Asiye na nguvu za kushuka alikunywa pamoja na kondoo, na tumbo likamwambia alichokunywa.

Mwezi Machi nyumba ya Bi Tabitha Orchard ilishika moto. Cheche iliruka kutoka kwenye dohani ikatua juu ya paa, na kabla watu hawajakubaliana waanzie wapi, nyumba nne zilikuwa majivu. Walisimama kando, mikono mitupu, kwa kuwa bwawa lilikuwa tope tupu. Hakufa mtu, lakini hata watu wa bondeni, walioutazama moshi ule kutoka milangoni kwao, walishikwa na haya. Baraza la parokia likaketi, likaamua Overdean ichimbiwe kisima.

Aliyeitwa ni Mzee Enoch Pask, mchimba visima kutoka ng'ambo ya milima. Alikuwa mfupi na mpana, mwenye ndevu zilizojaa vumbi la chaki hata siku ya Jumapili, na alikuwa na mazoea ya kuokota kipande cha mwamba, kukilamba, kisha kutazama mbali kama mpishi anayeonja mchuzi. Alianza mwezi Juni na wanaume wawili wa kuzungusha winchi. Kufikia Agosti alikuwa futi mia na nne chini ya ardhi, na kilichopanda kwenye ndoo asubuhi hadi jioni ni chaki nyeupe, kavu, isiyo na habari yoyote.

Hapo ngano ikaiva, na wale wanaume wawili wakaondoka kwenda kuvuna.

"Kila mwenye mikono anatakiwa shambani," alisema Bwana Josiah Gathercole barazani. Ndiye aliyekuwa mzee wa kanisa na mkulima mkubwa kuliko wote, mwenye sauti iliyozoea kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. "Tumechimba futi mia na nne. Kama mle ndani mna maji, basi yana kiburi kuliko bibi harusi. Mlima ule ni mkavu, baba yangu alisema, na babu yangu alisema. Shimo lifukiwe kabla mtoto wa mtu hajatumbukia."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Wengi wao walilima ardhi iliyopakana na ya Gathercole.

Keziah alikuwa ameketi benchi la nyuma. Tangu mumewe afariki alilipa kodi ya parokia kwa jina lake mwenyewe, na aliyelipa kodi alikuwa na haki ya kuketi barazani, ingawa hakuna mwanamke wa parokia ile aliyewahi kuitumia haki hiyo. Akasimama.

"Kasisi, nina neno."

Kasisi Verrinder alikuwa mtu mpole aliyeogopa ugomvi kuliko baridi yabisi. Alimtazama Gathercole kwanza, kisha akasema, "Sema, Bi Luddington."

"Mnara wa kanisa hili una urefu gani?"

"Futi sabini na mbili. Tuliupima tulipobadilisha kamba za kengele."

"Na chemchemi iko usawa wa nini?"

"Iko pale chini ya ukuta wa makaburi, usawa wa msingi wa mnara. Lakini wewe ndiye unayeijua kuliko sisi sote."

"Ninaijua. Sasa, ukisimama penye kisima chetu, yule jogoo wa shaba aliye juu ya mnara unamwona chini yako. Jumapili mimi na Mzee Pask tulishuka mlima na ubao uliopimwa na bakuli la maji, hatua kwa hatua, mpaka tukafika mahali jogoo yuko sawa na macho yetu. Tulishuka futi hamsini na nane. Jumlisha sabini na mbili za mnara, unapata mia na thelathini. Hapo tutakuwa sawa na chemchemi. Tumeshachimba mia na nne. Zimebaki ishirini na sita, nanyi mnataka kufukia."

Mwenye kinu, aliyekuwa kando ya dirisha, alianza kuhesabu kwa vidole.

"Maji hayajui hesabu, mama," alisema Gathercole.

"Hayajui, Bwana Gathercole. Yanajua kuteremka tu. Ndiyo maana si kazi kuyakisia."

Mtu alicheka nyuma ya kofia yake. Gathercole hakucheka. "Na nani atazungusha winchi? Mimi sitoi mwanamume hata mmoja."

"Sikuomba mwanamume." Keziah alikunja mikono ya gauni mpaka kwenye viwiko na kuinyosha mbele yao ile mikono yake, myekundu na minene kama ya mwokaji. "Hii imekamua mablanketi yako tangu mwaka uliooa. Ndoo ya chaki haiyafikii uzito."

Baraza likabishana. Mwishowe mwenye kinu, aliyekuwa amemaliza kuhesabu, alisema hesabu ni sahihi na yeye hataki kuonekana mjinga mbele ya dobi. Wakakubaliana: wanawake wapewe siku kumi, mpaka Jumamosi ya wiki iliyofuata. Maji yasipopatikana, shimo lifukiwe.

Mzee Pask alikuwa akimngoja nje ya lango la makaburi, kiko mdomoni.

"Wamesemaje?"

"Wamesema tuendelee. Siku kumi."

"Na watu wangu wa winchi?"

"Watu wako ni sisi."

Mzee Pask akatoa kiko mdomoni. "Bi Keziah, sikudharau. Lakini ule mpini ukiuachia, anayekufa ni mimi, si wewe."

"Najua. Basi sitauachia."

Alimtazama machoni, akamtazama mikono, akarudisha kiko mahali pake. "Saa kumi na moja alfajiri," akasema. "Mje na mkate, kazi ile inatafuna tumbo."

Kesho yake walikuja wanawake kumi na wawili. Mbele alikuwa Dorcas Whitlow, mke wa mchunga kondoo, mama wa watoto wanane, mwenye mabega yaliyowafanya madume wa ng'ombe wampishe njia. Alikuwepo Mahala Strood, ambaye mumewe alikuwa baharini mwaka wa pili na ambaye ulimi wake haukuwa na mlango. Hata Bi Tabitha Orchard alikuja, ingawa alikuwa na miaka sabini. Alisema hawezi kuzungusha, lakini anaweza kuhesabu ndoo na kumwona mvivu.

Hawajamaliza hata ndoo ishirini, Gathercole akafika juu ya farasi wake.

"Sina la kuwaamuru," alisema, "lakini nina la kuwaambia. Shamba langu linataka wafungaji wa miganda. Mwanamke asiyefunga miganda kwangu, asije kuokota masuke kwangu."

Akageuza farasi akaenda zake. Winchi ikasimama. Yale masuke ya kuokota baada ya mavuno ndiyo yaliyokuwa mkate wa Overdean kuanzia Krismasi hadi majani yachipue tena.

"Mume wangu yuko chini yake," alisema Dorcas polepole. "Keziah, mimi siwezi kuchezea unga wa watoto."

"Nani kakwambia uuchezee? Kengele ya mavuno inalia saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Na sasa ni saa ngapi?"

Dorcas akatazama jua. "Haijafika kumi na mbili."

"Basi. Kuanzia alfajiri mpaka saa mbili winchi ni yenu. Kengele ikilia, teremkeni mkafunge miganda yake yote, na mfunge vizuri asipate la kusema. Kuanzia saa mbili ni sisi tusio na mume chini ya Gathercole: mimi, Mahala, Bi Tabitha, na wale dada wawili wa nyumba ya mwisho. Masuke yenu hayaguswi."

"Na nguo zako utafua saa ngapi?" aliuliza Mahala.

"Mchana Mzee Pask akipumzika."

"Na wewe utapumzika lini?"

"Nitakapozikwa, chini ya jiwe zuri, na nyinyi mtanipitia mkisema marehemu alikuwa mchapakazi. Haya, zungusheni."

Ikawa hivyo. Ndoo ilipanda imejaa chaki, ikamwagwa, ikashuka. Viganja vilivyozoea beseni na jembe vilipata malengelenge mahali papya. Mahala aliwatungia majina: Dorcas alimwita Fahali, Mzee Pask alimwita Fuko, na kila ndoo iliyopanda kavu alisema ni salamu kutoka kwa Gathercole. Mzee Pask naye, aliyeanza kwa kukagua fundo la kamba mara tatu kila asubuhi, siku ya nne alikagua mara moja tu. Siku ya tano alijikalisha kwenye kitanzi cha kamba akawaambia "Teremsheni" bila kutazama nyuma. Keziah aliona, akafurahi kimoyomoyo.

Siku ya sita walikuwa futi mia na kumi na nane.

Siku hiyo ilikuwa nzito. Upepo, ambao Overdean haujui kuukosa, ulikuwa umekoma kabisa, na mawingu yalilala juu ya mlima kama kifuniko cha chungu. Asubuhi Mzee Pask aliteremsha mshumaa ndani ya ndoo kama kawaida yake, ukawaka mpaka chini, akashuka. Saa mbili kengele ikalia, Dorcas na wenzake wakaenda shambani. Ilipokaribia saa tano, ndoo ilikaa chini muda mrefu.

"Mzee Pask," aliita Keziah.

Akainama zaidi ukingoni.

"Mzee Pask, umelala?"

Bi Tabitha, ambaye masikio yake yalikuwa mazima kuliko miguu, alipiga magoti ukingoni. "Anakoroma," akasema. "Huko si kulala."

Waliteremsha mshumaa kwa kamba nyembamba. Ulipofika kama futi tisini, ukafifia, ukafa. Mahala akaushika mpini wa winchi ampandishe, lakini Keziah akamzuia. Mzee alikuwa na desturi ya kufanya kazi akiwa ameingiza mguu mmoja tu kwenye kitanzi. Mtu asiyejijua, aliyening'inia kwa mguu mmoja, angechomoka njiani.

"Lazima azinduke ajishike mwenyewe," alisema Keziah. "Hewa ya mle imekufa. Lazima tuipige."

"Kwa kitu gani?"

Keziah alikuwa ameshageuka. Mlangoni kwake, hatua thelathini tu, palikuwa na pipa la maji aliyoyateka kabla ya mapambazuko, safari nne za mlima, na ndani ya beseni zililowekwa shuka za nyumba ya kasisi. Walilivingirisha pipa pamoja, yeye na Mahala, maji yakiwarukia miguuni, na wale dada wawili wakaburuta beseni.

"Msimwage yote mara moja," alisema. "Kikombe kikombe, yatawanyike kama mvua. Maji yakianguka yanaburuta hewa nzuri."

Bi Tabitha na wale dada wakaanza kumwaga. Keziah akakamata shuka kubwa kuliko zote, akafunga pembe zake nne kwenye kamba nyembamba ikawa kama mfuko mpana, na yeye na Mahala wakaiangusha shimoni na kuivuta juu, wakaiangusha na kuivuta, kwa mwendo ule ule wa kusuuza. Iliposhuka ilisukuma hewa, ilipopanda iliivuta. Miaka ishirini na mbili alikuwa akizitikisa shuka zile, na sasa hakuzihurumia. Moja ilipasuka kwenye mwamba, akafunga ya pili.

"Mzee Pask," aliita kila shuka ilipofika juu. "Enoch Pask. Shika kamba."

Maji ya pipa yalifika nusu. Bi Tabitha alikuwa akiomba kwa sauti na kumwaga bila kukosea. Mara chini pakasikika kikohozi, kisha kutapika, kisha sauti ndogo kama ya mtu aliye chini ya mto wa kulalia.

"Nani ananimwagia maji?"

"Mimi. Shika kamba kwa mikono yote miwili. Ingiza na mguu wa pili."

"Kichwa changu…"

"Kichwa chako utakikuta huku juu. Ingiza mguu, Enoch. Umeingia?"

Kamba ilitikisika mara mbili. "Umeingia."

Walizungusha wote watano, hata Bi Tabitha, aliyesema hawezi. Mzee Pask alipotokea ukingoni uso wake ulikuwa wa rangi ya chaki iliyomzunguka, na midomo ya buluu. Walimlaza kwenye nyasi. 

"Nilidhani nimefika mbinguni," alisema hatimaye. "Palikuwa pazuri. Kisha nikasikia mwanamke ananifokea, nikajua bado."

Mahala akacheka mpaka akakaa chini, kisha akalia kidogo, kisha akacheka tena.

Wakiwa bado katika hali hiyo Kasisi Verrinder akafika juu ya farasi wake mdogo, maana habari mlimani hushuka upesi kuliko maji. Alimtazama Mzee Pask, akashukuru Mungu, kisha macho yake yakaenda kwenye rundo la vitambaa vyenye tope ukingoni mwa shimo.

"Bi Luddington, zile ni shuka zangu?"

"Zilikuwa zako, Kasisi. Leo zilikuwa za Mzee Pask."

Kasisi alifikiri. "Mke wangu," alianza, kisha akaacha, akavua kofia. "Nitamwambia mimi mwenyewe," akasema, na kwa mtu wa tabia yake huo ulikuwa ushujaa.

Gathercole hakuja, lakini alituma neno: mtu amekaribia kufa, inatosha, Jumamosi shimo lifukiwe. Ilikuwa Jumanne.

Jumatano na Alhamisi hewa haikubadilika, na mshumaa ulikufa pale pale. Alhamisi jioni upepo ukarudi kutoka magharibi, mkavu na mkali, ukayapiga maturubai yaliyofunika winchi. Ijumaa alfajiri mshumaa uliteremka mpaka chini ukiwaka kama uko mezani. Lakini Mzee Pask alipoinama kuvaa viatu aliyumba, akashika nguzo ya winchi.

"Dunia bado inazunguka," alisema. "Nipeni siku mbili tatu."

"Hatuna siku mbili tatu," alisema Keziah. Alikuwa amevaa suruali ya marehemu mumewe, imefungwa kiunoni kwa kamba ya kuanikia. "Nitashuka mimi."

"Sijawahi kumteremsha mwanamke kisimani."

"Nami sijawahi kuteremshwa. Tutakuwa wageni wote wawili. Wewe lala hapa ukingoni, uniambie nipige wapi."

Dorcas, aliyekuwa na mpini mkononi, alimtazama mzee. "Mzee wangu, usijichoshe. Mume wake alibishana naye miaka kumi na nane, hakushinda hata mara moja."

Akateremka, mshumaa ukitangulia chini yake. Kuta nyeupe zilipanda pembeni, zimepigwa sululu kwa mistari iliyonyooka kama mshono, na hapo ndipo alipojua mzee yule ni fundi wa namna gani. Baridi iliongezeka. Alipotazama juu, anga lilikuwa dogo kama kifungo cha shati, na juu ya kifungo hicho palikuwa na doa jeusi, kichwa cha Mzee Pask. Hakuogopa. Alishangaa kidogo kuona haogopi, kisha akakumbuka kwamba wanaozungusha winchi ni Fahali na wenzake.

"Usianzie katikati," ilisema sauti ya mzee, ikishuka polepole. "Anzia kando, zunguka ukutani. Sululu usiirushe, iache ianguke kwa uzito wake."

"Kama pasi."

"Kama nini?"

"Kama pasi. Nzito ndiyo inayofanya kazi, si mkono."

"Ehe. Kama pasi."

Alichimba siku nzima, akipanda kula tu, akaenda chini futi mbili. Jioni vidole vyake vilikataa kushika kikombe cha chai, na Bi Tabitha alimlisha jibini na mkate kama mtoto. Jumamosi asubuhi sululu ilitoa cheche. Palikuwa na tabaka la mawe ya gumegume, meusi, yamepangana kama vigae. Aliyang'oa moja moja kwa ncha ya mtalimbo. Ilikuwa imekaribia adhuhuri alipong'oa la katikati, na chini yake chaki ilikuwa ya rangi nyingine, ya kijivu, laini kama siagi.

"Sauti imebadilika," alisema Mzee Pask kutoka juu. Aliyelala kifudifudi futi mia na ishirini juu alisikia kabla yake. "Onja."

Keziah akaokota kipande, akakilamba. Kilikuwa baridi kama chuma cha Januari, na kilipokuwa kimetoka, kwenye kile kishimo, palikuwa na kitu kinachong'aa kwa mshumaa. Alidhani ni gumegume lingine. Kisha kikasogea. Kilijaza kishimo, kikafurika, kikapita kati ya mawe na kuzizunguka soli za viatu vyake bila haraka, kama mtu anayeingia nyumbani kwake.

Alichovya vidole, akajipaka usoni. Akapumua mara mbili tatu kwanza, kwa sababu hakutaka Mahala amsikie akiwa na sauti ya kilio.

"Niteremshieni ndoo," akasema.

"Ile ya kwanza imeshajaa chaki?"

"Ndoo safi, Mahala."

 Akasikia juu, mbali sana, wanawake wakisema wote kwa pamoja, na Bi Tabitha akiwanyamazisha ili wazungushe sawasawa.

Baraza lilikutana saa kumi. Gathercole alikuwa amesimama tayari kutoa hoja yake ya kufukia pale mlango ulipofunguliwa. Keziah aliingia akiwa mweupe kutoka nywele hadi viatu, suruali ya mumewe imelowa mpaka magotini, mzega mabegani na ndoo mbili zimejaa. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe Overdean alikuwa ameteremsha maji badala ya kuyapandisha, na njia nzima alikuwa amecheka peke yake. Aliziweka ndoo mbele ya meza, akachota kikombe, akampa Gathercole.

 Gathercole alikitazama kikombe, akamtazama, akanywa. Alikuwa mtu mgumu lakini hakuwa mwongo.

"Ya baridi," akasema.

"Ndiyo."

"Yana chaki kidogo."

"Yatatulia."

"Futi ngapi?"

"Mia na ishirini na moja."

"Ulituambia mia na thelathini."

"Maji yaliwahi, Bwana Gathercole. Labda yalisikia mnataka kufukia."

Safari hii hata Kasisi alicheka. Gathercole alinywa kilichobaki, akaweka kikombe mezani taratibu, akajifuta masharubu. "Jumatatu kengele ya kuokota masuke italia shambani kwangu," alisema, akiwatazama wenzake badala ya Keziah. "Kwa wote. Na hawa wa juu waanze nusu saa kabla ya wa huku chini. Wamechoka."

Mzee Pask alikaa mpaka katikati ya Septemba. Alishuka tena, akachimba futi tano zaidi akiwa ndani ya maji mpaka kiunoni, akajenga mdomo wa kisima kwa matofali, akaweka winchi mpya ya mti wa mwaloni na kifuniko kizito. Kasisi alitaka kibao chenye majina ya wajumbe wa baraza. Bi Tabitha alimuuliza ni mjumbe yupi aliyezungusha, na habari ya kibao ikaishia hapo.

Siku ya kuondoka mzee alipitia kwa Keziah, mkokoteni wake umeshapakiwa.

"Nina kisima cha kuchimba upande wa Harrowfold," alisema. "Halafu viwili vingine baada ya hicho. Nataka mshirika. Nimefanya kazi na wanaume miaka thelathini na tano, na hakuna aliyeniweka hai kwa shuka."

"Unanitaka kazi au unanioa?"

Mzee Pask akaona haya chini ya ndevu. "Ningeanza na lolote utakalokubali."

Keziah alimmiminia chai. Hakuudhika, wala hakuhitaji muda wa kufikiri. "Enoch, miaka ishirini na mbili nimefua nusu ya siku, na nusu nyingine nilikuwa njiani. Sasa nina siku nzima. Nataka nione ninaweza kufanya nini nayo. Lakini ukipita huku, pita. Meza iko hapa."

Alikunywa chai yake akaenda, na alipita tena, Krismasi na Pasaka, na hakuchoka kupita.

Keziah alianza na Mahala, kisha mmoja wa wale dada wawili. Walinunua beseni la pili na la tatu. Kufikia majira ya kuchipua walikuwa wakifulia nyumba tatu za makasisi, shule, na hoteli ya mjini penye soko, ile yenye vitanda arobaini. Mwenye gari la mizigo, aliyekuwa akisema farasi wake hawezi kamwe mlima wa Overdean, aligundua kwamba anaweza, na akawa anapanda kila Jumatatu na makapu ya nguo chafu. Alhamisi mchana, upepo ukiwa mzuri, shuka zilianikwa kwenye vichaka vya mgongo wote wa mlima, mstari baada ya mstari, na Keziah alipita katikati yake na vibanio mdomoni, akiwaonyesha wenzake kwa mkono ni zipi zimekauka.